Kumtanguliza Mkubwa

Nianze na alama, maana Birmingham daktari anayetaka kuwa mpasuaji haanzi na kisu, anaanza na alama. Ukifundisha wanafunzi, una alama. Ukiwafundisha nao wakajaza fomu ya kukusifu, una alama zaidi. Ukisimama kwenye mkutano ukaonesha slaidi kumi kuhusu nyuzi za kushonea, alama. Ukikaa na bibi wa watu anayekata roho, ukamshika mkono mpaka mwanawe afike kutoka Coventry, hapo huna kitu, na isitoshe mchana wote huo mwenzio alikuwa anaandika. Mie nilikuja kuyajua haya nimeshachelewa. Kwetu mtu akitaka kuwa bingwa anasoma, anafaulu, anaomba, anangoja. Hapa kwanza ujisifu, tena kwa ushahidi, na sifa zenyewe uzipange kwenye faili zikiwa na kurasa na sahihi za wakubwa.

Na kulikuwa na jambo jingine ambalo mpaka leo nikimweleza mtu anadhani namtania. Nafasi za mafunzo ya upasuaji hupewa wale ambao hawajafanya upasuaji mwingi. Kuna kikomo cha miezi. Ukishakuwa kwenye wadi na vyumba vya upasuaji kupita miezi hiyo, unaambiwa umezoea mno, hufai tena kuanzishwa. Ni sawa na kumpeleka mtoto akafundishwe kuogelea, akarudishwa kwa sababu haazami. Mie nilikuwa na mkataba wa mwaka mmoja mmoja, nikifanya kazi zile zile wanazofanya walio kwenye mafunzo, ila wao walihesabiwa wanajifunza na mie nilihesabiwa nazoea. Mwaka ninaousimulia, miezi yangu ilikuwa ukingoni. Nikikosa mara ile, basi, mlango umefungwa, nitabaki kuwashikia wengine vyuma vya kutanulia jeraha mpaka nywele ziote mvi.

Na kazi ile nilikuwa naitaka. Sijui niseme vipi bila kujifanya. Nilipenda kumwona mtu ameingia amejikunja na tumbo limekaza, hata jina lake halisemi, kisha kesho yake asubuhi nampita kitandani ananiuliza chai itakuja lini. Nilipenda ule ukimya kabla ya kisu, na nilipenda fundo linapokaa sawasawa. Nilikuwa na miaka thelathini na tatu, sina mume wala mtoto, na kila niliyemwambia bado aliniambia bado nini. Nilikuwa nangoja ile nafasi.

Nilikuwa nakaa kwa khalati wangu, mdogo wake mama, Washwood Heath. Dirisha la chumba changu lilitazama winchi za pale wanapojenga mambo ya reli mpya, palipokuwa na kiwanda cha magari zamani. Khalati alifika hapa kiwanda kikiwa bado kinapiga king'ora, akalea watoto watatu, akapika chakula cha shule hadi magoti yakagoma. Kwake mie nilikuwa nimeshakuwa bingwa siku nyingi. Kila hitima, kila harusi, ananishika mkono, "huyu ndiye mpasuaji wetu", na watu wazima wenye heshima zao wananivuta pembeni kutaka kunionesha ngiri. Wanawe wanasikia Kiswahili chote na kukijibu kwa Kiingereza, na mmoja aliwahi kumwambia mama yake kwamba mie bado si mpasuaji, ni daktari wa wadi tu. Aliambiwa aache husuda na akaoshe vyombo.

Halafu alikuwapo Kaka. Si kaka wa tumbo moja. Alinitangulia miaka miwili chuo cha udaktari huko nyumbani, na ndiye aliyenifundisha kufunga fundo la upasuaji kwa uzi wa kushonea magunia, tumeufunga kwenye mguu wa kiti. Nilipokuja Birmingham yeye alikuwa ameshatangulia pia, akaja kunipokea kituo cha mabasi na koti zito la mkewe, kwa sababu alijua nitashuka na kile kijisweta cha kwetu. Nilishuka nacho. Alikuwa anakaa Nechells, ghorofani, na mkewe na mabinti wawili wadogo. Mie nilimwita Kaka, mkewe nikamwita wifi, na yeye aliniita mdogo wangu, hata mbele ya manesi, nao wakaamini kweli tumezaliwa pamoja. Tulianza kazi idara moja ndani ya mwezi mmoja, mkataba mmoja, kwa hiyo miezi yake nayo ilikuwa ukingoni kama yangu. Yeye akitaka upasuaji, mie nataka upasuaji, nafasi hazifiki hata robo ya wanaoomba.

Pale chumba cha madaktari msimu wa maombi ulikuwa na mambo yake. Mtu aliyekuwa akikupa nusu ya mkate wake mwezi wa sita, mwezi wa kumi humwoni. Ukimkuta kwenye kompyuta anafunga ukurasa. Ukimuuliza anaandika nini anasema barua ya mgonjwa, na mgonjwa gani huyo mwenye barua ya kurasa kumi na nne. Kozi nzuri zilifichwa kama mtu anavyoficha mganga wake. Kaka na mie tukiwatazama tunawacheka kwa Kiswahili, wapo hapo hapo. Sisi tuliambizana kila kitu. Tulijiona tumestaarabika, watu wa adabu kati ya wenye njaa.

Njaa ndiyo iliyotupa mradi. Wagonjwa wetu walikuwa wanaambiwa wasile wala wasinywe tangu saa sita usiku, halafu wanapasuliwa saa tisa alasiri, au hawapasuliwi kabisa, wanaambiwa samahani mpaka kesho, na kesho wanaanza upya. Mie ni mtu wa Ramadhani, najua kufunga, lakini kufunga kuna futari. Kulikuwa na mzee mmoja aliyekuwa fundi wa bomba Nechells, siku ya tatu aliniuliza kwa upole kama kuna mtu anayekumbuka kuwa yeye hajala. Nikamwambia nakumbuka mie. Nilipokwenda kuangalia, mwongozo wenyewe uliruhusu maji mpaka zibaki saa mbili kabla ya upasuaji. Hakuna sheria iliyokataza, basi tu kila mtu alikuwa anamwogopa mwenzie.

Nikaanza kuhesabu. Kila asubuhi kabla ya raundi nilipita kitanda kwa kitanda na daftari, nikimuuliza mgonjwa amekunywa maji mara ya mwisho lini. Nikatengeneza kadi ya rangi ya chungwa ya kubandika juu ya kitanda: maji ruksa mpaka saa fulani. Nikawa napiga simu chumba cha upasuaji kuuliza nani wa kwanza na nani wa mwisho, mpaka yule mama wa mapokezi akawa ananitambua kwa kuhema tu. Kisha nikahesabu tena, na saa za kiu zikawa zimepungua sana. Kaka alinisaidia, sitaki kumdhulumu. Yeye ndiye aliyesema tuwatenge wagonjwa wa dharura na wale wa miadi. Nilipougua mafua, Jumapili mbili alihesabu yeye. Na alisoma maandishi yangu akaninyooshea Kiingereza. Lakini kazi ilikuwa yangu, na kadi zile nilizikata kwa mkasi wa khalati wa kukatia vitambaa, nikagombezwa.

Mkutano mmoja wa wapasuaji ukaukubali muhtasari wetu. Fomu ilitaka majina ya waandishi kwa mpangilio. Nikaandika jina la Kaka kwanza, langu likafuata.

Msiniulize kwa nini, au niulizeni nitawajibu. Mie nimekulia kwenye nyumba ambayo hata mtu akifa, tangazo la redioni linapangwa kwa umri: marehemu ni ndugu yake fulani, na fulani, na fulani, na ole wake aliyepeleka karatasi ile amtaje mdogo kabla ya mkubwa. Kuna matanga kwetu watu hawakusemezana kwa jambo hilo. Kadi ya harusi yangu, kama ingekuwapo, ingeanza na babu. Mlangoni hupiti kabla ya mkubwa, kwenye sinia huanzi kabla ya mkubwa. Sasa niliambie dole langu lipande juu ya jina la mtu aliyenifundisha fundo? Halikukubali. Kaka alipoiona fomu aliuliza, "Mbona mie mbele, na wewe ndiye uliyehangaika?" Nikamwambia, "Kaka, mkubwa ni mkubwa." Akakataa kidogo, kwa namna mgeni anavyokataa kuongezwa wali, kisha akanyamaza, nami nikatuma.

Aliyetangulia kwenye fomu ndiye anayesimama kuzungumza. Kaka alisimama, amevaa suti aliyoolea, akaeleza kadi zangu vizuri kuliko ambavyo ningezieleza mie. Watu wakapiga makofi. Mie nilikaa safu ya tatu nimejaa furaha, na nilimpiga picha nikaituma kwa wifi. Mpaka hapo, wallahi, sikuwa na kinyongo hata chembe.

Halafu ikaja fomu ya maombi yenyewe, na ndani yake maswali mawili. Je, wewe ni mwandishi wa kwanza wa kazi iliyotolewa kwenye mkutano? Je, wewe ndiye uliyeongoza mradi? Ndiyo, alama nyingi. Hapana, ulishiriki tu, alama za kukupoza roho. Nilikaa na lile swali la kwanza muda mrefu. Hakukuwa na mahali pa kueleza kwamba wa kwanza alitangulizwa. Nikabonyeza hapana. Na la pili, kwa kuwa cheti kilimtaja Kaka mbele na cheti ndicho ushahidi, nikabonyeza hapana pia.

Kila faili lilihitaji sahihi ya bingwa, nikalipeleka kwa bingwa wetu. Yeye ni Singasinga, mzaliwa wa Kisumu, wazazi wake walikuja naye akiwa bado anavaa kaptula. Kiswahili chake ni cha jikoni na sokoni, hakijakua tangu siku ile, na alipenda kukitoa mbele yangu kama mtu anayeonesha picha ya zamani. Zama zake, alikuwa akituambia, bingwa alikutazama unavyoshona, akakuambia uje Jumatatu. Hiyo ndiyo ilikuwa fomu. Alilifungua faili langu, akafika kwenye ule ukurasa, akauliza kazi hii ya maji nani amefanya. Nikamwambia mie. Akauliza kwa nini basi nimejiandika nyuma. Nikamweleza habari ya ukubwa, miaka miwili, chuo, mguu wa kiti. Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Mimi naelewa, dada," akasema. "Babangu angefanya hivyo hivyo. Lakini hii kompyuta haina baba."

Akaniambia kwamba kwenye faili la Kaka ameshaweka sahihi kuwa ndiye aliyeongoza, kwa sababu karatasi ilisema hivyo na yeye hakuuliza. Nikitaka abadilishe atabadilisha, lakini niseme mwenyewe, na niseme kabla sijatuma. Nami nikasema nini? Nikasema wacha tu. Nilihesabu alama zangu nyingine nikaona zitanifikisha, nikaona haya kumtia mtu mzima aibu kwa ajili ya alama mbili tatu. Nilitoka ofisini mwake nikijiona mtu mwema sana.

Majibu ya nani kaitwa kwenye usaili yalitoka Ijumaa. Siku hiyo nilikuwa Edgbaston, kwenye kozi ya kushona, na tulikuwa tunashona miguu ya nguruwe, jambo ambalo khalati halijui na hatakiwi kulijua. Nina glavu mbili mbili, nina sindano mkononi, simu ikatetemeka. Nilikuwa nimekosa kwa alama mbili. Dakika tano baadaye Kaka akanitumia ujumbe: ameitwa, Alhamdulillahi, je na mie?

Nilimaliza kuushona ule mguu. Nilikuwa nimeulipia. Kisha nikapanda tramu na ndani ya tramu ndipo hasira iliponipanda, hasira ya kweli, ile ya masikio kuwaka. Nilimkumbuka amesimama na suti yake ya harusi. Nikajiambia mtu mwenye haya, akitangulizwa mlangoni, na yeye humvuta mwenzie mkono wapite pamoja. Nikajiambia alinijua kuwa sitasema. Barua ilieleza kwamba mwenye malalamiko ayapeleke kabla ya saa sita mchana Jumatatu. Nilifika nyumbani nikamweleza khalati yote, isipokuwa nguruwe.

Khalati alielewa upesi kuliko nilivyotarajia. Alikasirika kwa niaba yangu mpaka nikapoa. Lakini aliponiona nanyanyua simu nimpigie Kaka, akaninyang'anya. Jambo kama hili, akasema, mdogo hamwambii mkubwa. Nikilisema mie nitakuwa nimemvunjia adabu na haki yangu itageuka kosa. Mkubwa husemezana na mkubwa mwenzie. Atakwenda yeye, kesho Jumamosi, Nechells kwenyewe, akalimalize kwa heshima. Nikaona ni sawa. Nilishukuru hata.

Jumamosi akajipamba, akabeba mkate wa kumimina, akaenda. Nilimngoja nikitembea jikoni. Alirudi baada ya muda wa saa nne, uso umemkunjuka, anasifu. Watoto wa yule bwana wana adabu, wanaamkia. Mkewe kumbe mama yake alisoma na shoga yake khalati wa Pangani. Wamezungumza juu ya magoti, juu ya baridi, juu ya fulani aliyefariki. Nikamuuliza, na lile jambo? Akanishangaa. Siku ya kwanza? Siku ya kwanza mtu anakwenda kuamkia, anafungua mlango. Hukai kwenye kiti cha watu mara ya kwanza ukatoa shutuma. Atarudi Jumamosi ijayo, ndipo aseme.

Nikamwambia mwisho ni Jumatatu, saa sita. Akaniambia haraka haraka haina baraka, na kwamba hao wazungu wakiona kuna ugomvi unasuluhishwa na wazee watangoja. Mie nilikaa chini pale pale kwenye ngazi. Sikujua nicheke au nilie, nikacheka, naye akafurahi kuniona nacheka.

Jumatatu asubuhi nilimvizia Kaka kwenye chumba cha mashuka, kabla ya raundi. Alikuwa na kalamu nne mfukoni na uso wa mtu aliyelala vizuri. Shikamoo yangu sikuitoa.

"Kaka, ule mradi nimeufanya mie."

Akanitazama. "Najua."

"Umewaandikia kwamba umeuongoza wewe."

"Nimewaandikia kilichokuwa kwenye karatasi," akasema, polepole. "Na karatasi uliiandika wewe, mdogo wangu. Mie nilikuuliza."

Ilikuwa kweli, na ukweli wake ndio ulionichoma. Nikasema maneno. Nilimwambia amezoea kutangulizwa mpaka anadhani ndiyo miguu yake inayokwenda mbio. Nilimwambia amekula chungu nilichokipika na hakuuliza mpishi kala nini. Nilimwambia asiniite mdogo wake tena kama maana yake ni hiyo. Hayo yote nikiwa nimeegemea mashuka safi, nanong'ona, kwa sababu nje manesi walikuwa wanapita. Nilipokwisha kusema, aliuliza mwisho wa malalamiko ni saa ngapi. Nikamwambia saa sita mchana.

"Haya," akasema, akaenda kwenye raundi.

Saa sita kasorobo nikapata nakala ya barua aliyowapelekea. Ilikuwa fupi. Ilisema mradi wa kufunga kabla ya upasuaji uliongozwa na mie tangu mwanzo hadi mwisho, kwamba yeye alisaidia, kwamba jina lake lilitangulia kwa heshima ya kwao na si kwa kazi, na kwamba anaomba alama zihamishwe ziende kwa mwenyewe. Neno hilo alilitumia, zihamishwe, kana kwamba alama ni samani. Na mie nikaamini zinahamishika. Nilikwenda msalani nikalia kwa furaha na kwa haya pamoja.

Jibu lilikuja Jumatano, kila mtu na lake. Walimshukuru Kaka kwa uaminifu wake. Alama zake za mradi zimefutwa, na kwa alama zilizobaki hawezi kuendelea na usaili. Mie nikaarifiwa kwamba mwombaji hawezi kuongezewa alama ambazo mwenyewe hakuzidai kabla ya tarehe ya mwisho. Baada ya kutuma, alama hushuka, hazipandi. Nimebonyeza hapana, hapana ndiyo yangu.

Kwa hiyo tulikosa sote wawili. Miezi yake ikaisha na yangu ikaisha. Nafasi ikaenda kwa mtu mwingine ambaye hatumjui wala hatutamjua, na huenda ni mpasuaji mzuri, namwombea. Vita vya panzi, furaha ya kunguru. Methali hii niliijua tangu darasa la tatu, niliipatia vema zote kwenye mtihani. Mie sasa najifunza udaktari wa wazee, fani ambayo hawakuniuliza sana, na baadhi ya siku naipenda. Wakati ule sikupenda kitu. Kaka na mie tulipishana kwenye korido siku mbili tukiulizana habari za wagonjwa tu, kitanda namba nne vipi, kitanda namba tisa katoka.

Na Jumamosi ikafika. Khalati hakujua lolote, kwa kuwa sikumwambia. Ningemwambia nini? Kwamba jambo alilokuwa akilipanga wiki nzima lilishamalizwa na mtoto asiye na adabu kwenye chumba cha mashuka, na limemalizika vibaya? Alikuwa amevaa ule mtandio wake wa harusi za watu. Safari hii akataka twende pamoja, maana siku ya kusema sharti mwenye haki awepo, akae kimya.

Kaka alitufungulia mwenyewe, akamwamkia khalati kwa mikono miwili. Mie aliniambia, "Karibu, mdogo wangu." Tukakaa. Wifi akaleta chai na maandazi, akaketi pembeni karibu na mlango. Watoto walipelekwa chumbani. Khalati akaanza. Akaanza na kumshukuru Mungu, akaja kwa wazazi wa Kaka, Mungu awarehemu, akaja kwa koti alilonipokea nalo kituoni. Alizungumza kwa ufundi, hakupandisha sauti wala hakumtaja mtu kwa kosa. Alisema kuna watoto wawili waliolima shamba moja, na mdogo kwa heshima akamwambia mkubwa atangulie kuvuna. Mkubwa hakukosa kutangulia. Ila pengine alisahau kugeuka nyuma kumtazama mwenziwe. Alichukua karibu nusu saa.

Mie nilikuwa nangoja Kaka amkatize. Neno moja lilitosha: mama, nimeshaandika, na nimeshatolewa kwenye usaili. Alikuwa na haki ya kulisema na mie nilistahili lisemwe mbele yangu. Hakumkatiza. Alikaa ameinamisha kichwa, mikono juu ya magoti, akimsikiliza kama ndiyo kwanza anaambiwa. Khalati alipomaliza, akasema, "Nimekosa, mama. Naomba unisamehe, na mdogo wangu anisamehe."

"Ashakusamehe," akasema khalati. "Basi waandikie hao watu, uwaambie ukweli, mwanangu. Mungu atakupa yako."

"Nitawaandikia, mama."

Nilifumbua mdomo. Khalati akanigusa goti, kwa maana ya kwamba nikae kimya, mambo yanakwenda vizuri. Nikaufumba. Wifi akanyanyuka, akakusanya vikombe ambavyo vilikuwa bado na chai, akaenda navyo jikoni. Nikamfuata.

Alikuwa anaosha amenipa mgongo. Nikamwambia, kwa sauti ya chini, kwamba Kaka alishaandika, tangu Jumatatu.

"Najua," akasema. "Alinipigia simu kabla hajatuma."

Nikamwambia kwamba Kaka angeweza kukaa kimya tu, mbona mie mwenyewe nilishabonyeza hapana.

"Nilimwambia akae kimya," akasema wifi. "Nilimwambia, miezi yako imekwisha, una watoto wawili, saa sita ni karibu, nyamaza. Akaniambia, 'Yule ni mdogo wangu, na hajawahi kuniomba kitu.'"

Akafunga bomba. Akachukua kitambaa kilichoning'inia kwenye mlango wa jiko, akanipa bila kunitazama, nami nikaanza kufuta vikombe.